Noeli ya Siku ya Kazi

Jumapili, 1 Desemba

Nilistaafu ualimu mwezi wa saba, na tangu hapo mikono yangu inahangaika. Miaka yote nilikuwa naandika ubaoni, sasa acha niandike hapa. Naandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kinyarwanda changu ni cha kusali na kugombeza, na Kifaransa nimekiacha shuleni pamoja na chaki. Kiswahili ndicho nilichocheza nacho Goma, kule ng'ambo ya mpaka, nikiwa mtoto. Lakini mwalimu haandiki anavyoongea, donc, yaani basi, nitajitahidi.

Leo ni mwanzo wa Majilio. Baada ya misa, akina mama wa jumuiya walikuja kunywa chai kwangu. Tumekaa vizuri, mara Kamikazi, mke wa mwanangu Régis, akaingia na kartoni. "Shikamoo, mama." Kila siku shikamoo, asubuhi na jioni. Wazazi wake walirudi kutoka Karagwe, kule Tanzania, na Kiswahili chao kimepigwa pasi. Kwenye kartoni kulikuwa na mti wa Noeli wa plastiki. Akachomeka waya ukutani, taa zikaanza kuwaka na kuzimika, halafu mti ukaanza kuimba Kiingereza.

Nikamwambia, "Eh, Kamikazi, hii ni muti ao ni alarme ya gari?"

Akina mama walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikichekewa sijui kunyamaza, nikaongeza: "Mwaka jana alitupikia wali, ilikuwa inanuka dawa, sawa pharmacie!" Wakacheka zaidi.

Kamikazi akasema, "Samahani, mama," akachomoa waya. Jioni mti umerudi kwenye kartoni.

Nilikuwa natania tu. Kwetu tulitaniana hivyo.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Nimechambua maharage ya soko la Kanama.

Jumatano, 4 Desemba

Bado mvua, ziwa limekuwa jeusi. Mvua kama hii inanirudisha Goma, kwenye nyumba yetu ya mbao, mwaka wa sabini na nne. Nilikuwa na miaka kumi.

Mwaka ule serikali ya Zaïre iliondoa Noeli kwenye sikukuu. Tarehe ishirini na tano ikawa siku ya kazi kama zingine. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa kabla yake, shuleni hakuna aliyeniita Donatille. Baba alikuwa karani, na karani hawezi kukosa kazini siku ambayo serikali imesema ni ya kazi. Donc asubuhi ya Noeli Baba alivaa abacost yake, lile koti lisilo na tai, akaenda ofisini. Na Mama akatuambia: Noeli inaanza Baba akirudi.

Ah, kule kungojea! Watoto wa leo wanapata kila kitu kwa kubonyeza, hawajui utamu wa kungojea. Mama amefunika sufuria kwa kitambaa, wali umo ndani, na wali wakati ule haukuwa chakula cha kila wiki. Keki imeivia kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Kwenye kona kuna tawi la mti tulilokata sisi wenyewe, limebandikwa pamba ya hospitali, tunaambiwa ni theluji. Theluji gani? Hatukuwahi kuiona, lakini tuliiamini. Kaka yangu Jean-Luc na wavulana wa jirani wanapigana ngumi uani, kwa sababu lile pambano kubwa la ngumi la Kinshasa lilikuwa limepita juzijuzi tu na kila mvulana alikuwa bingwa. Jirani ana tourne-disque, anapiga sahani za santuri za orkestra za Kinshasa, na dada zake wakubwa wanacheza na suruali zao za miguu mipana, zinafagia vumbi lote la volkano.

Halafu Baba anaonekana njiani. Tunakimbia. Mama anafunga mapazia, Baba anakaa, anatuita kila mmoja kwa jina lake la ubatizo, polepole, kama anayegawa nyama. Donatille. Mwaka mzima jina langu lilikuwa limefichwa, na siku ile linatoka.

Hakuna Noeli nyingine imewahi kunifurahisha hivyo. Hakuna. Mti wa kuimba Kiingereza utaniambia nini?

Jumamosi, 7 Desemba

Régis amenipa habari nikiwa nasonga ugali, nikaacha mwiko.

"Mama, kazini banahamisha mi Kigali. Mwezi wa kwanza."

"Na Kamikazi? Na Belise?"

"Kamikazi anaweza kuomba nafasi kule, hospitali iko nyingi. Nimemwambia aamue mbele ya mwaka kuisha. Akitaka tuende wote, tunaenda wote."

Kwa hiyo ni yeye anaamua. Belise, mtoto wao, ana miaka saba, analala chumba changu, ananipiga mateke usiku kucha. Wakimchukua nitabaki na kuta hizi na mzee Mbonigaba wa jirani, ambaye anakuja tu akisikia harufu ya mafuta.

Sitaki waende. Ninaandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu.

Jumatatu, 9 Desemba

Kamikazi zamu ya asubuhi hospitalini. "Shikamoo, mama." Marahaba. Basi.

Alhamisi, 12 Desemba

Nilikuwa nimeanza kupanga Noeli. Jean-Luc amesema atavuka kutoka Goma, nitanunua mbuzi, viazi vya Mudende, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nikasema, nitafanya Noeli ambayo Kamikazi atajiuliza mara mbili kabla ya kuhama. Régis akakuna kichwa.

"Mama, Kamikazi atakuwa kazini ile siku. Mpaka saa kumi na moja ya mangaribi."

"Ah! Nani amemupanga Noeli, mutu iko na mutoto? Wataniona!"

"Hakuna mutu alimupanga. Alijiandikisha ye mwenyewe."

Nikamwuliza kwa nini. Akaniangalia kama mtu anayetafuta maneno yasiyo na mifupa.

"Mama, ile siku ya muti. We ulisahau. Ye hakusahau."

Nilikasirika sana. Utani tu! Kwetu mtu akikutania unamrudishia, mnacheka, yanaisha. Nani alimkataza kunirudishia?

Jumapili, 15 Desemba

Belise amechimbua picha zangu za zamani. Kwenye moja niko na miaka kumi na tano, mbele ya pazia la studio lililochorwa minazi, nimevaa ile suruali pana.

"Kaka, kumbe ulikuwa na sketi mbili, moja kila muguu!" Belise ananiita Kaka, mimi nyanya yake, Mungu anajua alianza wapi.

Kamikazi alikuwa anapita na nguo za kufua, akachungulia. "Hizo ni bugaluu! Baba yangu alikuwa nazo Karagwe. Alizivaa kwenye dansi ya Krismasi, akajikwaa, akaanguka juu ya ngoma ya bendi." Akacheka. Ana pengo dogo pembeni, sikuwahi kuliona. Nikataka kumwuliza bendi ilifanya nini, lakini alikuwa amekumbuka kwamba ni mimi, akachukua nguo zake akaenda.

Miaka minane yumo nyumbani mwangu na sijui kama baba yake alikuwa anapenda dansi.

Jumatano, 18 Desemba

Nimemwambia, "Kamikazi, toa ule muti basi, Belise anautaka."

"Usijali, mama. Ni plastiki tu."

Hakununa wala hakufoka. Adabu yake ni kama mlango uliofungwa na ufunguo umechukuliwa. Ningependa anigombeze.

Alhamisi, 19 Desemba

Mvua. Mbonigaba amekuja kuuliza kama mbuzi amepatikana.

Jumatatu, 23 Desemba

Jean-Luc amefika. Nilimngojea mpakani, pale Petite Barrière, nimesimama kati ya wanawake wa vikapu vya nyanya na vijana wa kubeba mizigo. Akatoka na kofia yake ya zamani na chupa mbili za juisi ya maracuja. Amekonda. Nimemwuliza habari za Goma, akasema, "Tuko tu," na hakutaka kuendelea. Atarudi siku ileile ya Noeli kabla ya mpaka kufungwa, hataki kuacha nyumba peke yake.

Jioni tumekaa barazani, nikaanza kama kawaida: abacost ya Baba, keki, mapazia, majina. Huwa tunasimulia pamoja, yeye anaongeza ngumi. Leo hakuongeza kitu. Akaniuliza mke wa Régis yuko wapi, nikasema kazini, na Noeli pia atakuwa kazini. Nikasema, bon, tutakula saa saba, atakuta chake jikoni.

Jean-Luc akaweka kikombe chini.

"Itakuwa sawa na Mama."

"Mama gani?"

"Mama yetu. Mwaka ya sabini na sita. We hukumbuke?"

Nilikuwa sikumbuki. Akanisimulia. Mwaka ule Mama alikuwa ameanza kazi maternité, wodi ya uzazi, kufua mashuka na kusaidia wanaojifungua. Siku ya Noeli na yeye alikwenda, kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi kwa kila mtu. Ila mkubwa wa Baba aliwaachia makarani mapema, Baba akafika nyumbani saa tisa. Na nyanya yetu, mama yake Baba, akasema chakula kitapoa.

"Nyanya alisema: tukule, mwanamuke atakula akirudi. Basi, njo tukakula. Baba akaita majina, tukaimba, tukamaliza. Mama alifika na mvua, giza imeanza. Alisalimia batu wote. Akaenda jikoni. Mi nilimufuata, nilitaka keki ingine. Alikuwa anakwangua wali yenye kushika chini ya sufuria. Anakula kwa kusimama, Donatille. Na kanga yenye maji."

"Mi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unacheza. Ulikuwa na robe mupya."

Robe! Ile robe naikumbuka. Ya njano, kola nyeupe, vifungo vidogo kama mbegu za mahindi. Ningeweza kuichora sasa hivi. Mama jikoni simkumbuki hata kidogo. Nimejaribu jioni nzima, nimefunga macho, naona vifungo tu.

"Juu ya nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Uliniuliza? Kila mwaka unahubiri Noeli ya Baba sawa padri. Nani atakukata maneno?"

Tulimngojea Baba kila mwaka. Mama tulimngojea lini? Nimelia, na Jean-Luc amejifanya anatafuta kofia.

Jumanne, 24 Desemba

Nimepika sombe, majani ya muhogo, sufuria kubwa.

Jumatano, 25 Desemba. Noeli

Kamikazi aliondoka alfajiri. "Shikamoo, mama. Krismasi njema." Nilitaka kumwambia kitu, nikaishia kumfungulia lango. Tukaenda misa, tukarudi. Mbuzi wakati huo amekwisha kuiva, viazi vimekaangwa, wali, ndizi, sombe, sambaza. Mbonigaba alikuwa amekaa mezani kabla sisi hatujavua viatu.

Régis akachukua kijiko kikubwa. Nikamshika mkono.

"Hakuna mutu anagusa sahani mpaka Kamikazi arudi."

"Mama, anatoka saa kumi na moja!"

"Najua saa. Nilifundisha saa."

Nikafunika kila sufuria kwa kitambaa. Régis akanitazama kama nimepata homa. Jean-Luc aliinuka tu akanisaidia kufunika sambaza. Belise nilimpa mkate na chai, kwa kuwa mtoto ni mtoto. Mbonigaba akaanza: "Mama Régis, mi niko na sukari. Dokta alisema nisikae na njaa. Nitaanguka hapa, mutanizika na hii harufu!" Nikampa ndizi mbivu moja, akaila akiangalia mbuzi.

Kungojea ni kazi, nilikuwa nimesahau. Nikiwa mtoto kungojea kulikuwa mchezo, leo nilikuwa mkubwa wa nyumba na matumbo ya watu yananilaumu. Saa nane, saa tisa. Jean-Luc akafundisha Belise ngumi za mwaka wa sabini na nne. Régis akalala kwenye kiti. Na mimi nikawa namwona Kamikazi wodini, anafunga kamba za gauni la mgonjwa, na siku hii anajua kwamba nyumbani wanakula, wanacheka, na labda wanamcheka yeye. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Saa kumi na moja ikafika. Kamikazi hakufika. Mvua ikaanza. Régis akapiga simu, inaita tu. Saa kumi na moja na nusu, bado. Jean-Luc alikuwa anaangalia mlango, anaangalia saa, nikajua anafikiria mpaka.

Nikamwambia, "Kaka, kula wewe. Nitakupakulia, uende."

Akavua viatu, akaviweka chini ya kiti. "Nyumba italala peke yake leo. Mi nangojea."

Halafu umeme ukakatika. Tukawasha mshumaa mmoja, tukakaa duara sebuleni. Nikaanza kuogopa. Nilijiambia, ameenda kwa mama yake. Amepanda gari ya Kigali. Amechoka na mimi, na ana haki.

Giza lilikuwa limeshika vizuri pale lango lilipolia. Kamikazi akaingia, amelowa, viatu mkononi. Akatuona: sebule imejaa watu, mshumaa mmoja, hakuna anayesema kitu, Mbonigaba ameshika kichwa. Mkoba ukamwanguka.

"Mungu wangu! Nani amekufa?"

"Hakuna!" Belise akapiga kelele. "Tuko na njaa tu!"

Kamikazi akageuka kwa Régis. "Wa kunipokea zamu alikwama kwenye mvua. Kuna nini hapa?" Régis akasema, "Mama alikataa tusikule. Alisema tukungojee."

"Mimi?"

"We."

Akasimama hapo, maji yanamtiririka. Akanitazama, akatazama sufuria zilizofunikwa. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Lakini nimekula kazini, mama. Mchana. Wenzangu walileta pilau."

Mbonigaba akaguna "Ayiwe!" kama aliyefiwa, ningemtupa nje. Nami nikasimama kama mjinga. Bila shaka amekula! Mtu afanye kazi siku nzima asile?

Kamikazi akaanza kucheka. Alicheka na machozi yakatoka, au yalitoka machozi kwanza, mshumaa haukuonyesha vizuri. Akasema, "Basi nitakula tena. Nani ameapa kutokula mara mbili?" Na tukala. Baridi, mafuta ya mbuzi yameganda, na sijawahi kuona watu wanamaliza sufuria hivyo.

Baadaye nilikuwa jikoni naosha, akaja na mshumaa.

"Mama, nikuambie ukweli. Zamu ya leo niliiomba mwenyewe. Sikutaka kukaa meza moja na wewe."

"Najua."

"Ulijua? Na bado ukanisubiri?"

"Njo maana nilikungojea."

Akaweka mshumaa juu ya meza. Halafu yakatoka yote. Nilimwaibisha mbele ya watu. Wali ule wa mwaka jana alitumia bizari ya mama yake, aliyokuwa ametumiwa maalumu kwa ajili yangu, nami nikasema inanuka dawa. Miaka minane anakaa hapa kama mgeni, anapima kila neno. Aliongea kwa Kiswahili chake cha pasi, bila kupandisha sauti, na kila neno lilinifikia.

Nikamwambia, "Nisamehe." Ni neno gumu kwa mwalimu. Halafu nikamweleza habari ya mama yangu na kanga yenye maji. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nasimulia nimesimama, mikono kwenye povu, na yeye akavuta kigoda, akakaa, akavuta kingine.

"Kaa na wewe, mama. Umesimama tangu asubuhi."

Nikakaa. Nikamwuliza, bendi ilifanya nini baba yake alipoanguka juu ya ngoma. Akasema iliendelea kupiga.

Alhamisi, 26 Desemba

Jean-Luc amevuka asubuhi. Nyumba yake ameikuta salama. Mti wa plastiki uko sebuleni, unaimba. Ni mbaya kweli ule mti. Nimenyamaza.

Jumanne, 31 Desemba

Leo ndiyo siku ya mwisho ambayo Régis alimpa Kamikazi kuamua. Sikuuliza. Nimefua, nimefagia, nimekata kucha za Belise mara mbili. Jioni Kamikazi akasema, akiwa anakoroga uji kana kwamba ni habari ya hali ya hewa: hakuomba nafasi Kigali. Régis atatangulia, Belise amalize mwaka wa shule hapa, baadaye wataona.

Nikasema, "Sawa." Nikaenda chumbani, nikafunga mlango, nikacheza. Bila muziki, kwa miguu hii.

Jumapili, 5 Januari

Régis ameondoka jana. Kamikazi leo alikuwa na zamu mpaka saa tisa. Mimi nilirudi misa na njaa kali, Belise naye analialia, nikasema, ah, leo si sikukuu. Tukala saa saba. Maharage na viazi, tukamaliza.

Saa tisa na nusu Kamikazi akaingia, anahema. Akafunua sufuria.

"Mama! Mmekula?"

"Tulikuwa na njaa."

"Bila mimi? Nimekataa chakula kazini! Wamenipa, nikasema hapana, nyumbani wananisubiri. Nimekimbia njia nzima kwenye mvua, kumbe nakimbilia sufuria tupu!"

Akapiga kifuniko juu ya meza. Hakusema shikamoo wala samahani. Alinikasirikia kweli, kama mtu anavyomkasirikia mama yake, na akakaa na kuninunia, mikono kifuani.

Belise akanitazama, anangoja nifoke. Mimi nilikwenda nikawasha makaa, nikaanza kumenya viazi.